Duka Lililoipa Lami Mgongo

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi sikuomba barabara. Wapo walioiomba miaka nenda rudi, kwenye kila mkutano, wakinyoosha mikono na kupigiwa makofi, na mimi nilikuwa nakaa nyuma na wanawake wenzangu tukinong'onezana habari za mbegu. Barabara ya vumbi iliyopita mbele ya duka langu ilinitosha kabisa. Ilikuwa na mashimo, sikatai. Lakini yale mashimo yalikuwa rafiki zangu. Gari likifika kwetu linapunguza mwendo, dereva apende asipende, na abiria akishaona chupa za soda dirishani anakumbuka kiu aliyokuwa ameisahau.

Basi lami ikaja, na haikupita kwetu. Ilipita juu, kwenye ukingo wa kilima, robo saa ya kupanda kwa miguu kama mapafu yako ni mazima. Wenye vifaa vyao vya kupimia walisema huko juu ardhi ni imara zaidi. Haya. Sisi wa ardhi isiyo imara tukabaki huku chini, upande huu wa kijiji chetu cha Tumati, tukisikiliza magari yakivuma juu ya vichwa vyetu. Wiki ya kwanza tulikuwa tunatoka nje kuyaangalia. Wiki ya tatu nilishinda dukani siku nzima nikauza mche mmoja wa sabuni, na aliyenunua alikuwa wifi yangu.

Tulikuwa na biashara tano pale senta. Kinyozi aliongeza kazi ya kuchaji simu, halafu akaacha kunyoa kabisa, maana vichwa vilikuwa havipiti tena. Mama wa chapati alihamishia jiko nyumbani kwake na kibanda akafugia kuku. Ukipita unawaona kuku wamejipanga pale pale walipokuwa wanajipanga abiria. Mwenye bucha alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuuliza nani atataka nyama, na asipopata ahadi za kutosha ng'ombe anaendelea kuishi. Fundi cherehani ndiye aliyekuwa na akili kuliko sote. Alipakia mashine yake kwenye bodaboda akaanza kufuata minada, leo huku, kesho kule Hanang, na akirudi anatusimulia habari za watu wengi mpaka mate yanatudondoka.

Mimi nilijaribu simu. Watu wa mjini wanasema siku hizi mteja haji dukani, duka ndilo linamfuata. Nikabandika namba yangu kwenye mashine ya kusaga: agiza, bodaboda italeta. Jamani! Sikuwa nimefikiria kwamba kwetu hakuna mtu anayeweza kukuomba chumvi bila kukusalimu kwanza. Mzee anabipu, mimi nampigia. Shikamoo. Marahaba. Habari za nyumbani? Ng'ombe wanaendeleaje? Na yule aliyeumia mguu? Huko kwenu mvua imepiga? Siwezi kumkatisha, ni mtu mzima, nitaambiwa sikulelewa. Dakika ya sita, salio likiwa linakata roho, ndipo anasema, "Sasa mwanangu, nilikuwa na shida ya kiberiti." Kiberiti! Kimoja! Bodaboda apande milima mpaka huko Masieda kwa ajili ya kiberiti kimoja. Namba niliibandua mwenyewe.

Hilo duka tulilifungua na mume wangu, na mume wangu alishafariki. Watoto wetu wawili wako shule za bweni. Nyumba niliyokuwa nakaa ilikuwa ndani ya boma la baba mkwe wangu, hatua chache tu nyuma ya duka, na humo bomani alikuwepo yeye, mimi, na wifi yangu aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda. Baba mkwe hakuwa mtu wa maneno. Asubuhi nilikuwa namsalimu, anaitikia, na hapo mazungumzo yetu ya siku yamekwisha. Miaka yote niliyokaa naye sikuweza kusema kama ananipenda au ananivumilia.

Kaka yangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Babati na alikuwa ananiita. Anataka mtu wa kumwamini pale kaunta, alisema, na mimi najichosha na baridi ya Mbulu kwa faida gani? Nilikuwa namjibu kwamba nitafikiria. Halafu Jumapili moja, tukiwa tunakula, uvumilivu ukaniishia. Nikasema mbele yao wote wawili kwamba natoa muda mpaka mahindi yavunwe. Mahindi yakivunwa na duka halijasimama, nafunga, naenda Babati kwa kaka, na watoto wakifunga shule watakuja huko huko. Wifi aliacha kutafuna. Baba mkwe alikuwa amemaliza kula, anachonga mpini wa jembe. Hakuinua hata kichwa.

Siku mbili baadaye akaja dukani, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akasimama mlangoni na fimbo yake. "Tutalihamisha duka," akasema. Lami ilikuwa imepita kwenye ncha ya juu ya shamba lake, na pale kando ya lami kilikuwa kimebaki kipande cha kumtosha mtu kujenga. Duka lenyewe lilikuwa la mabanzi na mabati, kitu cha kubomolewa na kusimamishwa tena kwa siku moja watu wakiwa wengi. Ataitisha kazi, akasema. Nilifurahi mpaka nikashindwa kushukuru vizuri.

Kuitisha kazi kwetu ni hivi: unapika pombe, unapika chakula, majirani wanakuja na majembe na mashoka na punda wao, na jioni kazi imekwisha. Hulipi mtu. Na kwa sababu hulipi, hukosoi. Msimamizi ni mzee aliyeitisha, na alichosema yeye ndicho. Nilijua hayo yote. Ndiyo maana wiki moja kabla nilikwenda na fundi seremala mpaka kule juu tukachomeka vigingi vinne, kimoja kila pembe, ili pasiwe na ubishi. Mlango uwe upande gani sikusema. Nani anasema? Hivi kweli kuna mtu duniani anahitaji kuambiwa kwamba mlango wa duka unaangalia barabara?

Kazi ilipangwa Jumamosi. Jumatano nikaenda Katesh kuchukua mafuta ya alizeti na kulala kwa dada yangu. Alhamisi asubuhi wifi akanipigia: kuna harusi Jumamosi, wazee wamesogeza, wameshaanza kubomoa. Nikamwambia pombe iko kwenye pipa, nyama achukue kwa mwenye bucha, na amwambie baba wafuate vigingi. "Wanafuata," akasema. Nikalala usingizi wa raha sana siku ile.

Ijumaa nikapanda gari la kurudi, madumu mawili ya mafuta miguuni. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mfugaji wa tambarare za Hanang, bangili za shaba mkononi, anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Tukaongea njia nzima. Tulipoanza kukaribia kwetu nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, mama, sasa hivi utaona duka langu jipya, upande wa kushoto, angalia vizuri. Akasogea dirishani. Mimi nikasogea. Ukapita mti wa mipaka, likapita kalavati, ukapita ukuta mmoja mrefu wa mabanzi, mtupu, hauna hata tundu la panya. Halafu mashamba ya watu wengine.

"Liko wapi?" akauliza.

Nikageuka kuangalia nyuma. Juu ya ule ukuta niliona bati letu lenye kipande cha rangi ya bluu, lile mume wangu alilolipaka kujaribu rangi. Nilipiga kelele, "Shusha! Shusha hapo!" Konda akadhani nimeibiwa. Mpaka gari linasimama tulikuwa tumeshapita mbali, na yule mama, akinisaidia kushusha dumu, akaniambia kwa upole kabisa, "Nimeliona. Ghala lako ni zuri." Ghala!

Nilitembea kurudi na dumu kila mkono, na hasira inanipanda kila hatua. Nilipozunguka ukuta nikawakuta wazee upande wa chini, wamekaa juani, wameegemea duka langu, wanamalizia pombe yangu. Na huku chini, lo, kazi ilikuwa nzuri! Wamenitengenezea ngazi ya mawe mawili. Wameniwekea benchi. Mlango umekaa sawa, haukwaruzi kama zamani. Unaangalia bonde lote, mashamba ya vitunguu saumu, boma la baba mkwe, na senta yetu iliyokufa. Mandhari ya ajabu. Lakini mandhari hainunui sukari.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mama. Karibu dukani kwako."

"Baba," nikamwambia baba mkwe, taratibu kama mtu anayemwendea ng'ombe mkali, "mlango..."

"Upepo," akasema. "Huku upepo unatoka juu."

Wazee wote wakaitikia kwa vichwa. Kweli, upepo unatoka juu. Nyumba zetu zote zinaupa mlima mgongo na kuangalia bondeni; babu zao walijenga hivyo na babu za babu zao, na hakuna hata mmoja kati ya wanaume wale thelathini aliyewaza kwamba hii haikuwa nyumba. Nilimtafuta fundi seremala kwa macho. Alikuwa anakagua viatu vyake. Nikawashukuru wote, nikawaombea baraka, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, kisha nikaingia ndani ya duka langu jipya nikakaa juu ya gunia la chumvi nikalia kwa hasira.

Mtu atauliza, si ungetoboa tu mlango mwingine? Nami nilifikiri hivyo. Wiki ile ile nilimfuata fundi. Akaniangalia kama nimemwambia achome kanisa. "Mimi nitoboe ukuta alioujenga mzee, na mzee yuko hai? Mama, mimi nina watoto wanne." Na alikuwa na haki yake. Kubomoa kazi ya mzee ni kutangaza mbele ya watu wote kwamba mzee akili zimemwisha. Na kiwanja ni chake. Na pombe imeshanyweka. Maji yakimwagika hayazoleki, wifi akaniambia, na nikamwambia aniondolee methali zake.

Nikahamia huko juu, chumba kidogo nyuma ya kaunta, kwa sababu duka la barabarani haliachwi peke yake. Nikaandika kibao kikubwa, DUKA LIPO UPANDE WA CHINI, na mshale. Lakini gari la lami si gari la mashimo. Abiria akimaliza kusoma neno "duka" yuko kilima cha pili. Wateja wangu wakabaki wale wale wa bondeni, ila sasa inawabidi kupanda mlima kunifuata, na walifika wakiwa wanahema na kunilaumu. "Ulituhama," walikuwa wananiambia. "Angalau ungehamia barabarani." Niko barabarani, jamani! Niko barabarani, hatua tano!

Halafu ukaja ule upuuzi mkubwa. Sijui dereva gani aligundua wa kwanza, lakini habari ikasambaa kwa wenzake wote, kwamba kuna ukuta mrefu mahali fulani, hauna dirisha, unakinga upepo, pazuri sana pa kuchimba dawa. Gari linasimama. Wanaume ishirini wanashuka. Na mimi upande wa pili napima sukari, nasikia. Nilikuwa nakohoa kwa nguvu. Nikiona kukohoa hakusaidii natoka nazunguka na ufagio, "Hamna aibu? Hili ni duka la watu!" Konda ananiomba radhi kweli kweli, "Samahani mama, tulidhani ghala." Kesho anakuja mwingine, naye alidhani ghala. Miaka yote nilikuwa nawaomba abiria kwa Mungu, na Mungu akaniletea, wote wamenikazia macho ukutani.

Na mahindi yalikuwa yanakauka shambani. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Kila nikifungua mlango asubuhi nayaona kule chini yamebadilika rangi kidogo zaidi. Kaka alipiga simu kuuliza kama aanze kunitafutia chumba. Nikamwambia aanze.

Siku yaliponifika shingoni ilikuwa asubuhi na mapema. Gari lilisimama, kelele zikaanza, nikajifanya sisikii. Mara akatokea mama mmoja kwenye kona ya duka, nadhifu, mkoba mkononi, viatu vyake amevishika asivichafue. Nikainuka. Nikasema moyoni, huyu hapa, mteja wa kwanza wa lami.

"Shikamoo mama," akasema. "Samahani, choo hiki ni shilingi ngapi?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka yeye akaogopa akarudi nyuma. Halafu kicheko kikageuka, nikaacha duka wazi, nikashuka ule mteremko mbio, kichwa wazi, kandambili mguuni, nimelowa umande mpaka magotini. Baba mkwe alikuwa nje, ameketi kwenye kigoda, wifi anafagia. Sikumsalimu. Katika maisha yangu yote sijawahi kusimama mbele ya mtu wa umri ule nikaanza maneno bila shikamoo, na siku ile nilianza.

"Baba, ulimzika mwanao," nikasema, "na sasa unanizika na mimi nikiwa hai!"

Ufagio ukamdondoka wifi. Nikaendelea. Nikamwambia habari za ukuta, za mikojo, za choo, kwamba upepo wake umenimaliza, kwamba mahindi yakivunwa naondoka na duka alichomee kuni akitaka. Nilisema yote niliyokuwa nimeyameza.

"Hujanisalimu," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Sikukaa. Yeye akageuza fimbo yake mikononi, akaangalia kule juu nilikotoka. Pale alipoketi duka lilionekana vizuri kabisa, na mlango wake, niliouacha wazi, ulikuwa kama jicho jeusi kwenye mabanzi.

"Ulisema mahindi yakivunwa unaondoka," akasema.

"Nilisema kama duka halijasimama."

"Ulisema unaondoka. Nilikuwepo." Akakohoa. "Ulipokuwa unakaa hapa, asubuhi nilikuwa nasikia unavyofungua komeo. Sasa uko juu. Masikio yangu hayafiki. Macho bado yanafika. Nikiamka natoka nje, naangalia. Mlango ukiwa wazi nasema, leo bado yupo."

Nikamwuliza, na upepo?

"Upepo upo," akasema. "Lakini sikuwaza upepo."

Sikujua pa kuweka mikono. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na juu ya aibu, msidhani, hasira ilikuwa bado ipo. Mtu anaogopa usije ukaondoka, na kwa woga huo anakujengea duka litakalokufukuza! Ungemfanya nini? Wifi alikuwa ameinama anaokota ufagio asiouokota. Mzee akainuka, polepole, akasema niende nikamwambie fundi atoboe mlango upande wa lami, na fundi akibisha nimwambie ni yeye amesema. Akapiga hatua mbili kuelekea ndani, halafu akageuka. "Ule wa chini usiuzibe," akasema.

Fundi alitoboa siku ile ile, haraka kama mtu aliyekuwa ameshapima zamani. Madereva wakapata mahali pengine pa kuchimba dawa. Magari mawili matatu yakaanza kusimama kwangu, wengine wananunua maji, wengine vitunguu saumu vya wakulima wa bondeni nilivyoanza kuwauzia, na wale wateja wangu wa chini sasa walikuwa wanapanda na mizigo yao mgongoni na kushuka na sukari. Sitaki kudanganya kwamba nilitajirika. Siku nzuri ilikuwa inafuatwa na siku mbili mbaya. Na upepo, kumbe, ulikuwepo kweli! Milango miwili ikiwa wazi unaingia huku unatokea kule, umebeba unga, umebeba vifungashio, umebeba na afya yangu. Nilikuwa navaa sweta mbili na kofia. Wateja wakinishauri nifunge ule wa chini, maana hakuna anayeutumia asubuhi, nawaambia nimezoea. Naufungua kwanza huo, kabla ya wa barabarani, nausimamisha kwa jiwe, na napiga chafya mpaka jua litoke.

Mahindi yakavunwa. Kaka akapiga, chumba amekipata, kizuri, kina umeme, ila mwenye nyumba anataka jibu kabla ya Jumapili. Sikumwambia mtu. Wifi sikumwambia, baba mkwe sikumwambia. Niliweka duka langu upande mmoja akilini na Babati upande mwingine, nikapima kama ninavyopima sukari, na kila nikipima Babati ilikuwa nzito zaidi. Biashara peke yake isingenibakiza, huo ndio ukweli.

Wiki ile ukungu ukashuka, ule wa Julai unaokaa siku nne bila kuinuka. Ukinyoosha mkono huvioni vidole. Nilifungua mlango wa chini Jumatano, nikaangalia bondeni, hakuna bonde, weupe mtupu. Nikaufungua na Alhamisi vivyo hivyo kwa mazoea. Ijumaa baridi ilikuwa kali, nikajisemea kwa ukungu huu nani ataona nini, nikajifunika blanketi tena.

Nikasikia mtu anagonga. Mlango wa chini.

"Nani?"

"Mimi."

Nilifungua. Alikuwa amesimama kwenye lile jiwe la kwanza la ngazi, hajafika la pili, ameshika fimbo kwa mikono yote miwili. Suruali imelowa mpaka mapajani, goti moja lina matope, ameanguka mahali. Alikuwa anahema kiasi kwamba hakuweza kuniitikia shikamoo yangu. Aliinua tu kidole nisubiri. Mteremko ule mimi mwenyewe huupanda nikipumzika mara mbili.

"Baba, unataka kufa? Njia inateleza hivi! Ungetuma mtu!"

Akaniangalia usoni, akaangalia kichwa changu chenye nywele za usingizi, blanketi langu mabegani. "Siku ya tatu hii siuoni mlango," akasema.

"Nipo, baba."

"Basi," akasema. Nikamwambia aingie, nimchemshie chai, angalau akauke. Akasema ana kazi. Kazi gani, mtu wa umri ule, kwenye ukungu ule! Aligeuka, akatanguliza fimbo, akaanza kushuka, na mimi nikabaki mlangoni namkaripia mgongoni apite kushoto, ashike majani, asiharakishe. Hatua kumi ukungu ukammeza. Niliendelea kusikia fimbo ikigonga mawe.

Ikiwa bado inagonga, nikachukua simu nikampigia kaka. Nikamwambia kile chumba akiachie. Alikasirika, na ana haki, alikuwa amehangaika sana kukitafuta. Akauliza kwa nini. Nikamwambia biashara imechangamka, jambo ambalo si kweli, na yeye anajua si kweli. Akasema baridi imenila ubongo. Nilimwacha aseme mpaka achoke, kisha nikavaa sweta ya pili, nikausimamisha mlango wa chini kwa jiwe, nikaenda kufungua ule wa barabarani, maana kulikuwa na gari limeshasimama na mtu anaita, "Mwenye duka! Kuna mtu humu?"